Sema Unauma

Kuku wa shangazi Florence walikuwa na nafuu kuliko mimi. Kuku akikalia mayai, mwisho wake hupata vifaranga. Mimi niliyakalia mayai mvua nzima, trei juu ya trei, ndani ya sanduku la baiskeli ya magurudumu matatu, mguu nimeunyoosha mbele, na nilichopata ni kifundo kilichokaza na jina la "yule msichana mlemavu wa Florence." Mlemavu! Mimi Aboth, winga wa kulia, niliyekuwa nikiwaacha mabeki wa Tororo wanatafutana!

Haya, nisikimbilie. Mguu ulivunjika kweli, mtu asije akasema nilidanganya tangu mwanzo. Tulikuwa tunacheza huko Mella, kwenye uwanja ambao ng'ombe huutumia kuliko watu. Nikakanyaga shimo, na beki mmoja mnene kama gunia la muhogo akaniangukia. Nikasikia "ka!" Kifundo cha mguu wa kulia, mfupa umepasuka na kano zimechanika. Hospitalini wakanifunga plasta, na kocha wetu, Opendi, akanishika bega akaniambia nisilie, nafasi yangu bado ipo.

Nafasi hiyo ndiyo ilikuwa roho yangu. Chuo kimoja kilikuwa kimeahidi kuchukua wachezaji kutoka timu yetu, wasome bure huku wakikichezea chuo. Kwa mtoto wa kijijini Kirewa asiye na baba wala mama, hakuna njia nyingine ya kuingia chuo, na mimi nilitaka kusoma hadi nikawa naota niko darasani. Watu wa chuo wangekuja mwisho wa mvua kutupima. Hawapimi kwa kutazama sura. Unaruka kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, unakimbia ukikata kona, na mguu ukitetereka tu, asante, kwaheri. Nyuma yangu alikuwepo Amuge, winga wa akiba, msichana mpole anayependa kusali. Nilijua anachoombea.

Nyumbani kwangu ni kwa shangazi Florence, dada yake baba, Busia upande wa Uganda. Alinitoa Kirewa nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na hadi leo haamini kama nimejua. Kabla ya kila mechi huziosha njumu zangu kwa brashi, anazianika, halafu anazitia kamba upya kwa mikono yake, tundu kwa tundu, huku akinung'unika kwamba mpira ni mchezo wa watu wasio na shamba. Kwa hiyo mkinisikia namsema leo, mjue namsema mtu aliyenilisha kwa mkono wake. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu baki ningeshamtukana nikaenda zangu.

Mume wake, marehemu Phillip, alipooza miguu miaka kadhaa kabla hajafa, akapata baiskeli ile ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mtu wa Busia hahitaji kuelezwa. Pale mpakani walemavu wana njia yao ya pembeni. Hawapangi foleni, na mizigo yao haifukuliwi sana, maana hata askari ana mama, na nani ana moyo wa kumshusha mtu asiye na miguu juani? Wana chama chao, wanavusha mizigo ya wafanyabiashara, wanalisha watoto wao. Phillip alikuwa mwanachama, na aliyavusha mayai ya mkewe bila shida. Alipokufa, biashara ikafa naye, kwa sababu mayai yale kwenye foleni ya kawaida yalidaiwa karatasi ambazo shangazi hakuwahi kuwa nazo. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa choo, kuku wanalala juu yake.

Halafu mimi nikavunjika mguu.

Daktari wangu wa mazoezi anaitwa Atai, na kliniki yake iko upande wa Kenya. Siku ya kwanza ya kwenda kwake nilikuwa bado na plasta. Shangazi akawafukuza kuku, akaipangusa baiskeli, akanikalisha, akanisukuma mwenyewe hadi ng'ambo. Na kwa kuwa safari ni ile ile, akapanga trei za mayai sandukuni chini ya kiti, za kumpelekea Maximilla, rafiki yake mwenye hoteli ya chai na chapati jirani na kliniki. Pembeni tukapita bila neno. Afande akaniambia, "Pole sana, dada." Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa mgonjwa kweli, na jioni ile tulikula nyama.

Siku ya kukatwa plasta nilishangilia kama nimefunga bao. Waliikata pande mbili kwa msumeno wao wa kelele, ikaachana kama ganda la karanga, na mguu wangu ukatoka mwembamba, umepauka, unanuka. Shangazi akainama akayaokota yale maganda mawili, akayafunga kwenye leso yake.

"Ya nini hayo, shangazi?"

"Kumbukumbu."

Nikacheka. Wacha we! Laiti ningejua.

Daktari Atai ni mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alikishika kifundo changu, akakizungusha huku na huku, nami nikauma midomo.

"Sikiliza, Aboth. Mguu huu hautapona kwa kulazwa. Umesahau kazi yake, sasa unafundishwa upya, kila siku, kama mtoto wa chekechea."

Akanifundisha. Kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kuuvuta mguu dhidi ya kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mbele, nyuma, pembeni. Kupanda kwa vidole na kushuka polepole, polepole kabisa, maana kushuka ndiko kunakojenga. Kusimama kwa mguu mmoja juu ya blanketi lililokunjwa, macho yamefumbwa. Na mwisho, mguu ukishatii, kuruka kwa huo mguu mbovu peke yake, unatua bila kuyumba.

"Lakini daktari," shangazi akadakia, "hii mguu bado mbichi."

"Mama, ukiulaza utakaza. Ukikaza, mpira basi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ameelewa. Kumbe alikuwa ameelewa kuliko nilivyodhani.

Safari iliyofuata nilikaa baiskelini kwa kuwa bado nachechemea, lakini mguu ulikuwa wazi, nimeuvalisha soksi na raba. Afande akautazama, akatabasamu.

"Hongera, dada, umepona! Sasa pita kule kwa wenzako."

Akatuelekeza kwenye foleni kubwa. Kule sanduku likafunguliwa, trei zikaonekana, mayai yakarudishwa Uganda nasi tukarudi nayo. Njia nzima shangazi hakusema kitu, na mimi ukimya wake naujua, ni mbaya kuliko matusi yake.

Siku ya kwenda kliniki tena akaja na leso. Akaifungua kitandani. Maganda yale.

"Kaa."

"Shangazi, mimi nimepona."

"Hujapona. Mguu unauma?"

"Kidogo tu."

"Sema unauma."

Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imeshapachika ganda la mbele, inatafuta la nyuma.

"Aboth. Jana tulikula nini?"

Jana tulikuwa tumekula mboga za kando ya njia, hazina hata kitunguu. 

"Unauma," nikasema.

"Ehe. Sasa kaa vizuri nikufunge na kitambaa."

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa salamu yetu. Watu wengine wakiamka huulizana habari za usiku. Sisi kwetu, "Mguu unauma?" "Unauma." Ndipo chai inamiminwa.

Mtu atauliza, kwani alikufunga kamba? Ulishindwaje kukataa? Hebu jaribuni nyinyi. Jaribuni kumkatalia mtu aliyekuogesha, aliyekuuguza surua, aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili uvae sare ya shule. Kamba ingekuwa afadhali, maana kamba unaweza kuikata. Isitoshe, uongo ule ulikuwa na mdomo, kila siku unadai chakula. Haikutosha kuvaa ganda mpakani, kwa sababu ulimi wa jirani huvuka mpaka bila pasi. Ikabidi nisionekane nikitembea hata nyumbani. Nikawa mtu wa ndani, na nikitoka kwenda choo natoka na magongo. Shangazi akawaambia majirani kwamba mfupa umekataa kuunga. Na majirani wetu, kwa wema wao, wakalipeleka jambo kanisani! Banange, Jumapili moja nikaitwa mbele, wakaniwekea mikono kwenye lile ganda tupu, wakalia machozi, wakakemea. Mchungaji akaniuliza kama nasikia nafuu. Kabla sijafungua mdomo shangazi akajibu kwa niaba yangu: "Bado, mchungaji. Tuombeeni." Nilitamani sakafu ipasuke.

Mahali pekee palipobaki pangu ni bafu. Bafu letu ni mabati manne na jiwe katikati, juu wazi. Humo ndimo nilimofanyia mazoezi ya Daktari Atai, nimefunga tyubu kwenye nguzo, maji yanamwagika bure ili shangazi asikie ninaoga. Nasimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe lenye utelezi, macho nimefumba, mabati yananibana mabega, na nikiyumba hivi bati linalia "gwa!"

"Aboth! Unaoga au unajenga?"

"Naoga, shangazi!"

Lakini bafuni mtu hawezi kukaa kutwa, na ganda ndilo lililokuwa na muda mwingi kuliko mimi. Kila nilichokifungua bafuni ganda lilikifunga njiani. Daktari Atai alikuwa akikishika kifundo anakunja uso. Kumbukeni kwamba kabla ya kufika kwake tulikuwa tunapitia kwa Maximilla, mayai yanashushwa na ganda linavuliwa, kwa hiyo yeye hakuwahi kuliona.

"Unafanya mazoezi?"

"Nafanya, daktari."

"Nguvu inarudi, naiona. Lakini anayefanya mazoezi hakazi hivi. Kuna kitu kinaufunga mguu huu."

Nikatazama ukuta. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi pale pale, mikono mapajani, mtulivu kama yuko kanisani.

"Mguu una muda wake wa kufundishika, Aboth," daktari akasema. "Muda huo ukipita, umepita."

Siku hiyo tulipofika nyumbani nililipuka. Nilimwambia shangazi kwamba ananiua nikiwa hai. Nilimwambia mayai yake yana thamani kuliko mimi. Yeye anasonga ugali, hageuki.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema.

"Guu nilishavunjika, shangazi! Hilo limeshapita!"

Akanirushia mwiko, ukanikosa ukagonga mlango. Halafu akakaa chini jikoni pale pale, akaanza kulia, na unga kwenye vidole.

"Fadhila za punda ni mateke," akasema. "Wewe ukipona unakwenda. Unakwenda chuo, huko unapata watu wako. Mimi nabaki na nani, Aboth? Na kuku?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana juu ya mayai, naye akanitolea hilo. Nikauokota mwiko, nikauosha, nikamaliza kusonga ugali. Asubuhi akaniuliza kama mguu unauma, nikasema unauma.

Aliyenigundua ni Okiror. Okiror ndiye mwenyekiti wa chama cha baiskeli za magurudumu matatu. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, ikamwachia ulimi wa pilipili. Siku moja tumesimama pembeni tunangoja lori lipite, baiskeli yake na yangu zikagusana.

"Jirani," akasema, "mbona vidole vyako vinacheza ngoma ndani ya plasta?"

Nilikuwa naandika herufi. Nikaviacha mara moja. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akasogea karibu.

"Sikia, dada. Hii kiti naijua tangu enzi za Phillip. Na hii njia ni ya watu. Siku ikifungwa, wewe utatembea. Mimi nitatembea na nini?"

"Okiror, sukuma mambo yako!" shangazi akamfokea kutoka nyuma yangu. Yeye siku zote alikuwa nyuma yangu. Katika safari zote zile mikono yake niliisikia mgongoni, uso wake sikuuona.

Maneno ya Okiror yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimeshazoea kuona kwamba aliyefungwa ni mimi peke yangu.

Basi kocha Opendi akapiga simu. Watu wa chuo wanakuja Jumamosi, Tororo, saa nne asubuhi.

"Mguu vipi, Aboth? Niambie ukweli. Amuge yuko tayari."

"Mguu uko sawa, kocha."

Nilimwambia shangazi waziwazi. Nilitegemea vita. Akasema sawa, atanipeleka Tororo yeye mwenyewe, lakini asubuhi hiyo kwanza tuvuke mara moja tu, mapema. Maximilla alikuwa anapikia harusi, anataka mayai mengi kuliko siku zote. Tukirudi tunachukua njumu, tunapanda gari moja kwa moja. "Mara ya mwisho," akasema. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, na kwa sababu usiku huo nilimwona akizitafuta njumu zangu chini ya kitanda.

Jumamosi sanduku lilijaa hadi pomoni, trei nyingine akanipakatisha akazifunika na leso. Tulipofika mpakani, njia ya pembeni ilikuwa imesimama. Baiskeli zote za chama zilikuwa zimepangwa kwenye jua. Afande mmoja wa kike, mpole lakini wa kazi, alikuwa anaongea.

"Mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini tumeletewa habari kwamba kati yenu yuko mzima. Ajitaje. Asipojitaja, leo nakagua kila kiti, na kuanzia kesho wote mnapita foleni ya kawaida."

Okiror alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Hakunitazama. Nilijua anajua, na waliojua kupitia kwake wako pale, na hakuna aliyeinua kidole. Wakaanza kukagua. Okiror akateremka mwenyewe, akakaa chini kwenye changarawe ili kiti chake kifunguliwe. Kisha lori likaanza kurudi nyuma, wakapiga kelele asogee, naye akasogea kwa mikono, anajiburuta, suruali inavutika kwenye mawe, mtu mzima, mwenyekiti, baba wa watoto. Akafika kivulini akajipangusa viganja. Hata hapo hakunitazama.

Hasira ikanipanda. Si kwa afande, yeye alikuwa kazini. Nilijikasirikia mimi, nikalikasirikia lile ganda na kiti kile. Nikaziweka trei chini, nikaanza kufungua fundo la kitambaa mguuni.

Mkono wa shangazi ukanishika bega.

"Kaa," akaninong'oneza. "Aboth, nakuomba. Sema unauma."

Fundo likafunguka. Ganda la mbele likaanguka, la nyuma likafuata, nikasimama. Watu wakasema "Eeeh!" kwa sauti moja.

"Ni mimi, afande," nikasema.

"Hapana!" shangazi akapaza sauti. "Afande, mtoto mgonjwa huyu! Hiyo mguu haina nguvu, ataanguka!"

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Ningeweza kutembea tu, ingetosha. Lakini nilikuwa nimechoka kusemewa. Nikaukunja mguu mzima wa kushoto, nikabaki juu ya ule wa kulia, mbovu, ulioombewa kanisani, nikaruka. Nikatua. Haukuyumba. Nikaruka tena, na tena, mguu peku kwenye changarawe, nikaupita mstari wote wa baiskeli hadi kwa afande, na kila nilipotua nilisikia jiwe la bafu letu chini ya unyayo. Mguu ulikuwa umefundishika! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikageuka nimwone shangazi.

Afande naye alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameshafunua sanduku.

"Mama, huyu ni wako? Na haya mayai ni ya nani?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza mpakani pale kuuona uso wa shangazi yangu. Ulikuwa umezeeka. Akayatazama mayai, akanitazama mimi, akavuta leso yake begani.

"Simjui," akasema. "Mimi nilimsaidia kumsukuma tu."

Akageuka, akaenda zake upande wa Uganda, taratibu, kama mtu anayetoka sokoni. Nami nikabaki na mayai ambayo sasa ni yangu.

Wakanikalisha kwenye benchi. Jua linapanda, saa nne inakuja, Tororo iko kule. Nilikuwa nimetoka kwenye ganda nikaingia kwenye benchi, na nikafikiri, basi, ndivyo nilivyoandikiwa, mtu wa kukalishwa. Ni Okiror aliyefungua mdomo.

"Afande, hii kiti ni ya Phillip, mwanachama wetu. Phillip alikufa. Mayai ya marehemu chukueni, lakini marehemu hashtakiwi. Huyu msichana amejitaja mwenyewe. Ulisema ajitaje."

Afande akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Akasema mayai yanabaki, kiti kinarudi kwa chama, na nisionekane tena kwenye njia ile. Okiror akampigia mluzi mwendesha boda mmoja anayemjua.

"Mpeleke huyu Tororo. Kimbia," akamwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe usimshukuru mtu. Nenda ukaruke."

Nilifika uwanjani na ndala moja. Ndiyo, moja, kwa sababu mguu wa ganda hauvai kiatu, na njumu zangu zilikuwa nyumbani. Wenzangu walikuwa wanamaliza. Kocha Opendi akanitazama miguu akatikisa kichwa. Aliyekuja ni Amuge. Alikuwa ameshapimwa, amekaa nyasini, jasho linamtoka. Akavua njumu zake, akanisukumia bila kunitazama usoni.

"Zinabana kidole gumba," akasema. "Vumilia."

Nikaruka. Nikakimbia, nikakata kona, nikasimama ghafla, nikageuka. Katikati ya jaribio kifundo kikaanza kuwaka moto, mambo ya kukaa kutwa ganda likinibana na asubuhi ile kwenye changarawe, lakini maumivu ni kitu kimoja na kutetereka ni kingine, na Daktari Atai alikuwa ameniambia tofauti yake. Yule mtu wa chuo akaandika, akaniuliza jina, akaniambia gari lao linaondoka usiku ule ule, nikachukue vitu vyangu. Amuge naye walimchukua, kama beki wa kulia. Nilimkumbatia hadi akalia.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika Busia. Mlango wa shangazi ulikuwa umefungwa. Nje, kwenye kizingiti, ulikuwepo mfuko wangu, nguo zimekunjwa vizuri, na juu ya mfuko njumu zangu. Zimeoshwa. Zimesuguliwa hadi kwenye meno ya chini. Kamba zimetiwa upya, tundu kwa tundu.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilitaka kumtukana na nilitaka kumwangukia miguuni, vyote kwa pamoja. Nikabisha hodi.

Nikasikia kigoda kikisogezwa ndani, karibu na mlango.

"Shangazi. Ni mimi."

Halafu sauti yake ikaja, ya chini, ile ile ya kila asubuhi kabla ya chai.

"Mguu unauma?"

Ulikuwa unauma. Ulikuwa umevimba, moto umepanda hadi gotini, na nilijua nikisema neno lile moja tu mlango utafunguliwa, maji ya moto yatawekwa, atanikalisha, ataukanda mguu kwa mikono yake, na kesho tutaamka kama jana. Nikauegemeza mkono kwenye fremu ya mlango ili nisianguke.

"Hauumi, shangazi."

Akapumua. Nilimsikia.

"Basi nenda."

Nikazivaa njumu zile pale kizingitini, nikachukua mfuko, nikaenda. Dirisha lake linatazama njia, kwa hiyo nilitembea nimenyooka, mguu kwa mguu, na sikuanza kuchechemea mpaka nilipoupita ua wa jirani.